Utani wa Jumamosi na tishio la haki za binadamu: je, nifunge kipindi?

*"Shikamoo wakili. Naishi Edmonton mwaka wa tisa sasa, nina makazi ya kudumu, uraia bado. Kila Jumamosi jioni naendesha kipindi cha Kiswahili mtandaoni, siasa kidogo na vichekesho vingi. Mwezi uliopita niliwatania watu wa kabila fulani la nyumbani kwamba hata msibani huja na kikokotoo. Halafu, kwa kuwa mweka hazina wa chama chetu ni wa kabila hilo, nikamtaja kwa jina kwamba ndiye aliyekula pesa za msiba wa Machi. Kesho yake akanitumia ujumbe: ananipeleka haki za binadamu kwa ubaguzi. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu ana lake. Mmoja anasema mchekeshaji wa Quebec alilipishwa dola 35,000 kwa mzaha. Mwingine anasema kuna Mnyarwanda alifukuzwa nchini kwa sababu ya hotuba tu. Wa tatu anasema hizi mahakama za haki za binadamu ndizo zilizoua uhuru wa kusema hapa Kanada. Nifunge kipindi? Nifute rekodi? Naweza kurudishwa nyumbani?"*

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye sentensi moja uliyoipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nitairudia. Kwanza nikutoe hofu iliyo kubwa kuliko zote.

Hurudishwi nyumbani kwa shauri la haki za binadamu. Watu huita chombo hiki "mahakama", lakini kwa kweli ni vyombo viwili. Iko tume, inayopokea malalamiko, kuyachuja na kujaribu kupatanisha. Halafu liko baraza, linalosikiliza yale machache yaliyoshindikana. Vyote viwili havina jela. Havimwandikii mtu rekodi ya uhalifu, na uamuzi wao hauhesabiki kuwa hatia mbele ya sheria ya uhamiaji. Baraza linaweza kukuamuru ulipe fidia au uache jambo fulani. Kinachoweza kugusa makazi yako ni hukumu ya jinai, kwa mfano kifungo cha zaidi ya miezi 6. Kosa la jinai la kueneza chuki lipo, lakini upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba ulikusudia kueneza chuki hiyo, na wewe ukithibitisha kuwa ulichosema ni kweli, umejitetea. Utani wa kikokotoo hauko hata jirani na hapo. (Kikokotoo gani, cha mafao? Nilicheka, nisikufiche.)

Sasa huyo Mnyarwanda. Anaitwa Léon Mugesera, na habari zake hazifai kutupwa kwenye kundi la WhatsApp kwa sentensi moja. Tarehe 22 Novemba 1992, akiwa mwanasiasa wa chama tawala cha Rwanda, alihutubia mkutano wa chama huko Kabaya. Aliwaambia watu kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka uliofuata akahamia Quebec na kupata makazi ya kudumu kama yako. Kanada ilipambana naye miaka mingi. Mahakama ya Juu ikaamua mwaka 2005 kwamba anaweza kuondolewa, akapelekwa Kigali Januari 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Waliokuwa ukanda wa ziwa mwaka 1994 hawahitaji kuelezwa Nyabarongo ilibeba nini. Maji yake huingia Kagera, Kagera huingia Victoria, na watu walisusa samaki. Lakini angalia: hakuna baraza la haki za binadamu lililomgusa Mugesera. Alishughulikiwa kwa sheria ya uhamiaji, kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Kumweka kapu moja na wewe na mweka hazina wako ni kuwakosea waliokufa.

Mchekeshaji wa Quebec ni Mike Ward. Kuanzia mwaka 2010 mpaka 2013 alikuwa na onyesho ambamo alimdhihaki kijana mwimbaji mwenye ulemavu wa uso, aliyepata umaarufu kwa kumwimbia Papa. Mzaha ulikuwa mchungu, na wenzake shuleni walimdhihaki kwao. Mwaka 2016 baraza la Quebec lilimwamuru Ward alipe dola 35,000. Hapo ndipo rafiki yako alipoacha kusoma. Ward alikata rufaa mpaka juu kabisa, na Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada ikamwondolea amri hiyo, majaji 5 dhidi ya 4. Walisema mambo mawili lazima yathibitishwe. Kwanza, mtu mwenye busara, akijua mazingira ya maneno yale, angeona yanachochea wengine wamchukie mtu au wamwone si binadamu kamili kwa sababu ya ulemavu, rangi, dini au asili yake. Pili, aone kwamba maneno hayo yanaelekea kusababisha mtu huyo abaguliwe kwa vitendo. Kuumiza moyo peke yake hakutoshi. Kuchukiza hakutoshi. Hakuna mwenye haki ya kisheria ya kutochekwa.

Kabla hujashangilia, kuna mchekeshaji mwingine ambaye hakushinda. Mwaka 2007, mgahawani Vancouver, Guy Earle alikuwa mshereheshaji wa usiku wa vichekesho. Alimgeukia mteja mmoja mwanamke na kumtupia matusi mfululizo kwa sababu mwanamke huyo hupenda wanawake wenzake. Baraza la British Columbia liliamuru mwaka 2011 Earle alipe dola 15,000, na mgahawa nao ukabeba sehemu yake. Mahakama ya jimbo ikakubaliana na baraza. Tofauti iko wapi? Ward alisema jukwaani juu ya mtu asiyekuwepo, na ikaamuliwa kama shauri la maneno. Yule wa Vancouver alimshambulia mteja aliyekuja kula na kunywa, na ikaamuliwa kama shauri la huduma, sawa na mhudumu anayekataa kukupa kiti kwa sababu ya rangi yako. Kwa hiyo swali la kwanza la wakili yeyote litakuwa: haya maneno yalitoka wapi, na aliyeyapokea alikuwa nani kwako? Mfanyakazi wako? Mteja? Mpangaji? Au msikilizaji tu? Wewe kipindi chako ni maneno. Ila kama kesho utakodi ukumbi, uuze tiketi, na uanze kumnyanyasa kwa kabila lake mtu aliyelipa kiingilio, umehama.

Sasa lile la rafiki yako wa tatu, kwamba vyombo hivi vimeua uhuru wa kusema. Hapa siwezi kumfukuza kama wale wawili, maana ana hoja, na jimbo lako ndilo lililompa mifano.

Alberta ni miongoni mwa majimbo machache ambayo sheria yao ya haki za binadamu inagusa moja kwa moja maneno yaliyochapishwa. Inakataza kauli inayoelekea kumweka mtu au kundi kwenye chuki au dharau kwa sababu ya dini, rangi, asili ya ukoo, mahali alikotoka na mengineyo. Hapo hapo sheria inasema kifungu hicho kisichukuliwe kuwa kinazuia kutoa maoni kwa uhuru juu ya jambo lolote. Sentensi mbili zinazovutana namna hiyo, na katikati mnasimama ninyi mnaoongea.

Mwaka 2002 mchungaji Stephen Boissoin aliandika barua kali dhidi ya ushoga kwenye gazeti la Red Deer, hapo katikati ya Edmonton na Calgary. Mwalimu mmoja akalalamika. Mwaka 2008 jopo lilimwamuru mchungaji alipe dola 5,000, aombe radhi kwa maandishi, na asichapishe tena maneno ya kuwadhalilisha mashoga. Mahakama ikaifuta amri hiyo mwaka 2009, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha mwaka 2012 kwamba ifutwe. Alishinda. Lakini hesabu miaka: barua moja ya gazeti, miaka 10.

Calgary nako, Februari 2006, mchapishaji Ezra Levant alichapa katika gazeti lake vibonzo vya Kidenmaki vya Mtume, vile vilivyowaudhi Waislamu dunia nzima. Malalamiko yakapelekwa tume. Januari 2008 aliitwa kuhojiwa na ofisa, akaingia na kamera, na mahojiano yakaishia mtandaoni. Ukiyatazama utaona kitu cha ajabu: hakuna anayefoka isipokuwa yeye. Ofisa anauliza kwa upole kabisa, kama anayejaza fomu ya bima, alikuwa na nia gani alipochapisha. Levant anamjibu kwamba serikali haina haki ya kumuuliza swali hilo. Binafsi sivipendi vibonzo vile, na Levant mwenyewe si mtu ninayekubaliana naye mara nyingi. Lakini swali lile, kutoka kwa mtumishi wa serikali kwenda kwa mchapishaji, lilinikaa. Sisi tuliotoka nchi ambako mhariri huitwa "kwa mazungumzo" tunalijua. Lalamiko moja liliondolewa mwezi uliofuata, lingine likatupwa Agosti 2008. Gharama za mawakili alizibeba mwenyewe.

Hii ndiyo hoja nzito ya wakosoaji, na naikubali: adhabu ni ile safari, si hukumu. Kulalamika ni bure. Kujibu si bure. Mlalamikaji aliyeshindwa huondoka na mfuko wake salama, mlalamikiwa aliyeshinda huondoka na deni. Na kwa kila mmoja aliyeitwa, hatuwezi kuwahesabu walioamua tu kunyamaza. Hata Alan Borovoy, mwanasheria wa haki za raia aliyepigania vyombo hivi vianzishwe miaka ya 1960 na 1970, alikuja kusema hadharani kwamba yeye na wenzake hawakuwahi kuwaza vingegeuzwa dhidi ya uhuru wa kusema. Wao walikuwa wanafikiria mwenye nyumba anayekata simu akisikia lafudhi yako.

Kwenye ngazi ya shirikisho mambo yalikuwa makali zaidi. Kifungu cha 13 cha sheria ya haki za binadamu ya Kanada ya mwaka 1977 kilitungwa dhidi ya ujumbe wa chuki wa kwenye simu. Mtu mmoja wa Toronto, John Ross Taylor, alikuwa ametega namba ambayo ukiipiga inakuhubiria chuki dhidi ya Wayahudi. Mahakama ya Juu ilikibariki kifungu hicho mwaka 1990, majaji 4 dhidi ya 3. Baada ya Septemba 2001 kikapanuliwa mpaka intaneti, na hapo ndipo kiliposhindwa kubeba mzigo. Ukweli haukuwa utetezi. Nia haikuulizwa. Katika miaka ya 2000 mashauri yake mengi yalifunguliwa na mlalamikaji mmoja tu, mwanasheria aliyewahi kuajiriwa na tume yenyewe. Hata kama kila lalamiko lake lilikuwa la haki, picha hiyo haipendezi. Mwaka 2008 tume ilimwomba profesa Richard Moon akitazame kifungu hicho, naye akashauri kifutwe. Bunge likapitisha kufutwa kwake mwaka 2013. Mswada wa C-63 wa Februari 2024 ulitaka kukirudisha, ukafa Januari 2025 bunge lilipoahirishwa. Kwa hiyo mtu akikutisha na "kifungu cha 13", anakutisha na marehemu.

Lakini kuua uhuru wa kusema? Hapana. Rafiki yako anatazama mwaka 2008 na kudhani ndio leo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua shauri la Bill Whatcott, aliyekuwa akisambaza vipeperushi dhidi ya mashoga huko Saskatchewan. Majaji wote 6 waliokata shauri hilo walikubaliana kufuta katika sheria ya jimbo maneno "kudhihaki" na "kuvunjia mtu heshima". Wakabakiza chuki ile nzito peke yake, inayomfanya mtu aonekane hastahili kuishi na wengine. Vipeperushi viwili vikavuka mstari huo, viwili vikaachiwa. Halafu ikaja ya Ward. Mstari umesogezwa mbali sana na mdomo wako kuliko ulivyokuwa Levant alipoitwa. Walioulazimisha usogee ni wakosoaji hao hao, na hilo tuwape.

Na wanaotetea sheria hizi nao si wajinga. Hoja yao ni kwamba chuki haianzi na panga. Huanza na kumzoesha jirani aone jirani yake ni mdudu. Ukikua Maziwa Makuu unaijua hoja hiyo bila kuisoma. Mimi nakaa katikati, pasipo starehe: naona sheria ya jinai iwashughulikie akina Mugesera, mabaraza yashughulikie kazi, nyumba na huduma, na maneno matupu ya wananchi yaachwe yajibiwe kwa maneno. Mawakili wenzangu wengi hawakubaliani nami.

Turudi kwako. Utani wako juu ya kabila, kwa kipimo cha leo, sioni ukifika mbali. "Huja msibani na kikokotoo" ni kusema watu ni wabahili. Haimwambii mtu yeyote asiwaajiri au asiwapangishe. Shida yako ni tafsiri. Kipindi ni cha Kiswahili, mwamuzi atasoma Kiingereza, na utani ukitafsiriwa neno kwa neno hugeuka tusi. Hebu fikiria mtani anayelala ndani ya kaburi nyumbani kwetu, anakataa kutoka mpaka alipwe ndipo maiti azikwe, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Iandike hiyo kwenye karatasi ya kiapo, utaona imekuwa unyang'anyi. Ndiyo maana ukifikia kujibu, usikubali tafsiri ya upande mmoja. Leta ya mtafsiri anayetambulika, pamoja na maelezo ya utani ni nini na nani humtania nani. Na jiulize kwa uaminifu kama huyo mweka hazina ni mtani wako kweli. Utani una pande mbili. Kama yeye hana kipindi cha kukujibu, huo si utani sana.

Sasa ile sentensi uliyoipita mbio. "Nikamtaja kwa jina kwamba ndiye aliyekula pesa za msiba wa Machi."

Hatari yako iko hapo, na haina uhusiano wowote na haki za binadamu. Hiyo inaitwa kashfa. Husikilizwa na mahakama ya kawaida, na humo mzigo umekugeukia wewe. Yeye akithibitisha kwamba ulisema, kwamba ulimsema yeye, na kwamba maneno yanamshushia heshima, sheria huchukulia ni ya uongo mpaka wewe uoneshe ni ya kweli. Kusema "nilikuwa natania" hakutoshi, maana wizi wa pesa za watu ni tuhuma. Mchango wa msiba kwetu unajua ulivyo: mtu katoa dola 20 za zamu ya usiku ili maiti asafirishwe. Ukimwambia mtu ameila hiyo, umemmaliza. Kwa Alberta ana kwa kawaida miaka 2 ya kufungua kesi hiyo. Lalamiko la haki za binadamu ana mwaka 1. Amechagua kukutisha na mlango ulio mwembamba, labda kwa sababu hajui ule mpana uko wazi. Usimwoneshe.

Kama unazo hesabu, stakabadhi, taarifa ya benki, basi ukweli ni utetezi wako, na kinga nzuri. Kama huna, lakini jambo linawahusu wachangiaji wote na ulichunguza kwa bidii, ikiwa ni pamoja na kumuuliza yeye upande wake kabla ya kurusha, tangu mwaka 2009 Mahakama ya Juu inatambua utetezi wa aliyetangaza kwa uwajibikaji jambo la manufaa ya umma. Je, ulimuuliza? Kwa jinsi ulivyoandika, nadhani ulilisikia jikoni kwa mtu.

Kwa hiyo usifunge kipindi. Hifadhi rekodi nzima mahali salama, halafu kata mtandaoni kile kipande chenye jina lake. Kufuta kila kitu bila kubakiza nakala kutakuumiza wewe kwanza, kwa kuwa muktadha ndio utetezi wako. Kama huna ushahidi, sema kipindini kwamba ulitoa tuhuma usiyoweza kuithibitisha na unamwomba radhi. Sheria ya ushahidi ya Alberta haihesabu kuomba radhi kuwa ni kukiri kosa, kwa hiyo usiogope hilo neno. Na tafadhali, Jumamosi ijayo usimfanyie kichekesho kwa kutishia kulalamika. Sheria ya Alberta inakataza kumlipizia kisasi mtu aliyelalamika au anayetaka kulalamika. Unaweza ukawa salama kwenye lalamiko lake la kwanza, ukaanguka kwenye la pili ulilomtengenezea mwenyewe.

Kabla hajaandika popote, tumeni wazee wawili wa chama. Sisemi hivyo kwa kuremba mila. Hata akilalamika, jambo la mapema tume itakalowapa ni upatanishi, na upatanishi wa sebuleni kwa mzee wa kwenu hauna fomu.

Ikija barua rasmi ya tume, ndani yake kuna tarehe ya mwisho ya kujibu. Niliwahi kumpokea mteja aliyekuwa amezunguka na bahasha ya namna hiyo ndani ya gari kwa wiki tatu bila kuifungua, imechafuka kahawa, na siku za kujibu zimebaki nne. Lalamiko lenyewe lilikuwa jepesi na lingeweza kutupwa mwanzoni kabisa. Tulilala macho kwa sababu ya zile wiki tatu. Ukiipata, mwone wakili wiki hiyo hiyo. Chama cha Wanasheria cha Alberta kina huduma ya kukuelekeza kwa mawakili, na Edmonton ina kituo cha msaada wa kisheria kwa wenye kipato kidogo. Ikija barua ya wakili wake juu ya kashfa, usiijibu mwenyewe, hata kwa neno "nimepokea, tuongee". Na akikupigia polisi, ambalo sitarajii, usieleze chochote kabla hujazungumza na wakili wa jinai anayejua pia uhamiaji, kwa kuwa uraia bado huna.

Ukienda kumwona huyo wakili, usimpelekee kile kipande kinachozunguka WhatsApp. Nenda na kipindi kizima, ule ujumbe wa vitisho jinsi ulivyokufikia, na hesabu za msiba wa Machi kama zipo.